Felista, Aliyetambika Ni Mimi

Mdogo wangu Felista,

Kwa miaka kumi na mitatu nimeficha jambo hili: aliyemwaga pombe kwenye kaburi la bibi na kuyasema yale maneno ni mimi, kaka yako, katekista wa kigango. Wewe ulinishikia kibuyu na unga tu. Nimeomba barua hii isomwe mbele ya jumuiya, kwa sababu aibu yako nayo ilisomwa mbele ya watu.

Naandika nikiwa Bigwa, nyumbani kwa mwanao Tekla. Kifua kimekwisha; naandika mistari mitatu, napumzika. Tekla ananiogesha, ananikorogea uji, ananiita mjomba kwa sauti ile ile yako. Kila akinigeuza ubavu namwambia ahsante, badala ya kumwambia ukweli.

Unakumbuka miguu ya mama ilivyovimba. Hospitali walitupa dawa, mama akazinywa, lakini moyo wake ulikuwa mlimani, kwenye kaburi la bibi. "Bibi yenu hajapewa unga tangu mjomba wenu afe," akasema. Jina la mjomba na nafasi yake katika ukoo nilivirithi mimi. Wa kwenda nilikuwa mimi, na ni mimi niliyekuwa nikiwafundisha watu wa kigango chetu cha Mlali kwamba amri ya kwanza haina kichochoro cha kupitia.

Tulipanda Jumapili alfajiri, kupitia matuta ya maharage. Wewe ulikuwa mbele, kibuyu kichwani.

"Kaka, kwani Mungu wako anasikia Kiswahili tu? Kiluguru hakijui?"

"Nyamaza, tutasikika."

"Na nani? Na mababu, au na paroko?"

Ukacheka mpaka kibuyu kikayumba. Mimi sikucheka. Nilimwaga pombe, nikanyunyiza unga, nikawaita waliotutangulia mmoja mmoja, kisha nikateremka mbio kwa njia ya mkato, maana padre alikuwa akija kwetu mara moja kwa mwezi na ibada ya siku ile ilikuwa yangu. Nikakuacha urudi polepole kwa njia kubwa. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kuchuma kabichi akakukuta na kibuyu kitupu, unga mpaka kwenye viwiko. Saa hiyo mimi nilikuwa nimesimama mbele ya waumini nikieleza jinsi mwanadamu anavyozaliwa ameelemea upande wa uovu, na jinsi utii unavyomnyoosha. Nilieleza vizuri. Wazee walinipongeza.

Halmashauri ya kigango ilikuita. Kila Mluguru anajua kwamba mwanamke hatambiki peke yake. Maneno husemwa na mjomba wa ukoo. Wajumbe walijua mjomba wa ukoo wetu ni nani. Wakatazama meza.

"Felista, ulikuwa na nani?" mwenyekiti akauliza.

Ulinitazama. Nilifungua daftari, nikatafuta ukurasa ambao haukuwepo.

"Peke yangu," ukasema.

"Basi hutapokea Komunyo mpaka umtaje aliyemwaga pombe."

Nami, kwa mdomo wangu, nikaongeza: "Sheria ya Mungu haina undugu."

Jioni ile nilikuja kwako. Nilitaka kukushukuru. Uliniwekea magimbi na mboga, ukaniambia, "Kula, katekista. Dhambi yangu haiambukizi." Nikala. Nilikula nikamaliza, Felista, na nikaomba chumvi.

Mama alifariki mwezi uliofuata, akazikwa kwa Misa. Wewe ulikaa benchi la nyuma miaka kumi na moja. Wakati wa kupokea, wenzako walipanga mstari, wewe ulikunja kanga magotini na kutazama sakafu. Nilikuwa nimesimama pale mbele nikiongoza wimbo. Niliwahi kukuomba useme aliyetambika alikuwa marehemu mzee fulani, ili yaishe. Ukanijibu, "Nimeshadanganya mara moja kwa ajili yako, kaka. Mara ya pili danganya mwenyewe." Nilikasirika wiki nzima, kana kwamba mwenye haki ya kukasirika ni mimi.

Niliwafundisha watoto kwamba dhambi kubwa ina masharti: jambo lenyewe liwe zito, ulijue, na ulitake. Waliyaimba masharti hayo kama jedwali la kuzidisha. Sikuwahi kujipima nayo. Sheria niliifuga kama mbwa wa mlangoni: kwangu inatingisha mkia, kwa wengine inang'ata. Sasa natamani kusema kwamba Mungu ndiye mkali, au wazee wa kigango ndio wakali, lakini nikisema hivyo nitakuwa nimerudi kwenye daftari langu. Kutambika nilitambika kwa ajili ya mama, na nadhani kwa hilo nitapata la kujitetea. Kwa yaliyofuata sina.

Tekla, mwanangu, kama ni wewe unayesoma, usiache hapa. Ukimaliza, ukitaka nirudishwe Mlali nikafe peke yangu, nitakwenda.

Felista, ulipozidiwa, Tekla alikuja kwangu anahema. "Mjomba, mama anataka padre. Anasema sasa atasema yote." Nilimjibu kwamba padre amesafiri, nitampigia simu. Sikupiga. Nimefundisha miaka thelathini kwamba linalosemwa katika kitubio haliwezi kutoka kinywani mwa padre hata kwa kifo, na siku ile nikagundua kwamba sikuwahi kuliamini. Uliishi siku mbili zaidi, ukimuuliza Tekla kama padre amerudi. Ukazikwa bila Misa. Nilisimama makaburini nikawaambia watu kwamba taratibu haziruhusu.

Buriani, mdogo wangu. Sikuombi unipokee huko uliko, wala sijui kama nitafika huko. Wenye kusikiliza wajue hili moja, kisha wakunje karatasi: padre hakusafiri. Alikuwa parokiani, mwendo wa saa moja tu, na asubuhi ile nilikunywa naye chai.

Kaka yako