Chupa Aliyoirudisha Candiru

Nyumba za Wauguzi,
Koboko.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Kahindo,

Pokea salamu zangu kutoka huku mpakani. Goti lako linaendeleaje? Mvua za Butembo zinakuruhusu kufika kanisani? Mimi ni mzima wa mwili. Baba naye hajambo. Nilikuwa kwake Arua hivi karibuni. Bado anauza vitenge na kubishana na wateja kana kwamba ni shemeji zake.

Shangazi, nakuandikia kwa sababu ulikuwa muuguzi kabla sijazaliwa, na hapa sina wa kumweleza.

Kituoni kwetu kuna boksi chini ya meza ya sindano. Dawa za serikali zikiisha, wagonjwa hununua nje, wengi wao ng'ambo, huko kwenu Congo. Aliyepona hurudisha kilichobaki, nasi humpa asiyeweza kununua. Aliyeanzisha desturi hiyo ni Sista Ocokoru, mkubwa wetu. Hapendi mtu arudi nyumbani mikono mitupu. Nilimpenda kwa hilo, na bado nampenda.

Nilipokuwa Arua, mama mmoja kijana, Candiru, alimleta mwanawe Lemi, mtoto wa miezi saba, akiwa na homa. Ocokoru alimpa chupa ya dawa ya homa kutoka kwenye boksi, akamwambia ampe kijiko asubuhi, mchana na jioni. Chupa ile ilitoka Congo. Imeandikwa kwa Kifaransa kwamba dawa hiyo hupimwa kwa matone, maana ni kali kuliko ile ya kijiko tuliyoizoea. Mrija wake wa kupimia ulishapotea. Pale kituoni, anayesoma Kifaransa ni mimi peke yangu.

Candiru alifuata maagizo bila kukosea. Macho ya mtoto yakawa ya njano. Akafa njiani, wakimkimbiza hospitali ya Arua.

Jana Daktari Obitre, anayetoka Arua kutukagua, alituita kikaoni. Alisema usalama wa mgonjwa ni kufuata mwongozo, na dawa isiyojulikana ilikotoka isimguse mtu. Swaib, muuguzi mwenzangu, akamkatiza: "Daktari, wewe nakuja na usalama yako ndani ya gari, jioni narudi nayo. Sisi nabaki na mama, mtoto iko moto. Tumwambie akule mwongozo?"

Watu walicheka. Ocokoru hakucheka.

Nilikaa nikiwatazama. Kwa daktari, hatari ni kile tunachofanya. Kwetu wauguzi, hatari ni kile tusichokuwa nacho. Niliona wote wawili wako sahihi, na Lemi yuko kaburini. Tuliamua boksi lichomwe. Kuhusu kumwambia mama yake Lemi ukweli, walisema tungoje kwanza, ukoo usije na hasira. Jina la Candiru halikutajwa hata mara moja, na mimi pia sikulitaja.

Leo asubuhi Candiru alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye benchi na wagonjwa, akangoja zamu yake. Kisha akafungua pindo la kitenge, akatoa chupa. Imebaki nusu.

"Sista, hii ilibaki. Mtoto ya mwingine atapona nayo."

Akamshukuru Ocokoru kwa kuwa alijaribu. Ocokoru aliipokea kwa mikono miwili. Hakuweza kumhudumia mgonjwa mwingine baada ya hapo.

Sasa chupa iko mezani mbele yangu, na Ocokoru amekaa kitandani pangu, hajala kitu. Nilimsomea maandishi ya chupa neno kwa neno. Akasema, "Binti yangu, kama nasema kwa ile mama, watanifukuza. Nani atabaki na watoto ya hapa?" Nilimwuliza tu: Candiru akipata mtoto mwingine, na mtoto akashikwa na homa, atampa nini?

Aliinua chupa, akaitazama ile nusu iliyobaki, akasema twende kwa Candiru. Kesho baada ya misa tutakwenda. Atasema yeye mwenyewe. Mimi nitabeba chupa, na Candiru akitaka, nitamsomea.

Shangazi, katika miaka yako yote ya kazi, uliwahi kumwambia mzazi? Usinijibu kwa Biblia. Nijibu kama muuguzi.

Nisalimie Kenneth na mkewe, na Mama Santino pale jirani. Mungu awalinde watoto wa nyumba yako, na homa zao zipite zenyewe.

Wako akupendaye, mwenye hofu ya kesho,
Stéphanie