Upande wa Jukwaa

Dada yangu mpenzi Claudette,

Salamu nyingi sana kutoka huku kwetu kwenye baridi. Vipi usingizi, dada? Unakula? Usinijibu unakula kumbe unakunywa kahawa tu, maana nakujua. Na ule mswaki wa Rene uliowapelekea ili waupime na wanachokipata kwenye kifusi cha ile minara miwili, wamekuambia lolote? Kila simu ikilia hapa nadhani ni wewe una habari. Padri anamtaja Rene kila Jumapili, hajasahau hata mara moja. Mimi ni mzima ila magoti. Theluji ya kwanza imeshaanguka ikayeyuka, imetuachia matope tu. Mwanangu Armand naye mzima, habari zake nitakupa huko chini, nivumilie.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na ninalotaka kusema lisingetoka. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha mapema, utanisamehe. Tena nataka ulisikie kwangu kabla binamu yetu Lucille hajakupigia, maana mdomo wake hauna breki.

Ni habari ya mkutano wa mji. Siyo ule wa Machi wa barabara na bajeti ya shule. Huu uliitishwa maalumu, kwa sababu watu walikusanya sahihi wakitaka mji wetu uiandikie serikali kule Washington, kwamba tunaunga mkono majeshi yetu yaendelee kupiga huko Afghanistan. Najua wengine watacheka, mji wenye ng'ombe wengi kuliko watu unaipa Washington ushauri wa vita. Lakini huku hakuna anayecheka. Watu wamegombana dukani, wamegombana mpaka mlangoni pa kanisa. Wendell Cota, yule jirani yangu wa ng'ombe, aliacha kumsalimia Bi Edith Farnham aliyekuwa akitunza maktaba, eti kwa kuwa hakutundika bendera.

Nawe uliponipigia ukaniambia nisimame katika mkutano huo. Ukasema nimtaje Rene kwa jina, niwaambie alikwenda kazini kutengeneza lifti za watu, hakumkosea mtu, na niwaambie wapige mpaka waishe wote waliomuua. Nikakujibu ndiyo dada, nitasema. Nilikuahidi.

Siku yenyewe nilikuwa jikoni, kama kila mwaka, tunapika chakula cha mchana cha mkutano. Maharage na sharubati tamu ya utomvu wa miti yetu, nyama ya nguruwe, mikate, pai za tufaha. Unajua sisi wa jikoni tulivyo. Kura ikiwa ya kugombanisha watu tunajifungia na masufuria, tunasema maharage yataungua, na hakuna anayetufuata. Nikawaza labda leo pia yataungua.

Lakini dirisha la kupitishia sahani lilikuwa wazi, tukawa tunasikia kila kitu. Wendell alisimama wa kwanza na koti lake la rangi ya chungwa la kuwindia. Alisema mtu akija kukuchomea ghala huendi kumwandikia kadi, unachukua bunduki, na Marekani haikujenga jeshi lote lile ili liwe linapiga gwaride. Wakampigia makofi. Bi Edith akasimama na karatasi zake, akasoma maneno marefu ya sheria za mataifa mpaka mmoja huko nyuma akamwuliza, "Bibi, kutakuwa na mtihani?" Watu wakaangua kicheko. Maskini akawa mwekundu, lakini hakukaa. Aliziweka karatasi chini akasema, haya, nitasema kifupi, nchi ikiwa na nguvu kuliko zote ndiyo inayopaswa kuangalia zaidi inamwangukia nani. Wendell akamjibu kwamba Rene wetu naye hakuna aliyeangalia. Hapo Bi Edith akakaa.

Kisha akaomba nafasi Delbert Roy, aliyeacha mguu Vietnam. Kila mtu alidhani atasema hapana. Alisema yeye alipelekwa vitani na watu waliokaa kwenye kumbi zenye joto, na hajawasamehe. Lakini safari hii, akasema, wametufuata nyumbani, kwa hiyo mimi nasema ndiyo. Ila wewe Wendell unayepiga kelele, mwanao ana miaka kumi, hutampeleka wewe. Wendell akamwambia, "Delbert, uko upande wangu au unanitukana?" Delbert akasema vyote viwili.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikatoka jikoni na aproni yangu, mikono bado ina unga. Sijawahi kusema kwenye mkutano, dada, hata mara moja. Nikamtaja Rene. Nikawaambia alivyokuwa anakuja kila Agosti kuchuma matunda madogo ya porini na kunichafulia zulia kwa buti zake. Nikawaambia alivyokupigia simu asubuhi ile akiwa kwenye ngazi, akakuambia Mama usiogope, nashuka, nitakupigia nikifika chini. Na kwamba wewe ulikaa na simu mapajani siku ile nzima na siku iliyofuata, ukikataa mtu yeyote aitumie. Wendell alivua kofia akajifuta nayo macho. Hata Bi Edith alikuwa analia.

Ikabaki ile sehemu ya mwisho, ile ya wapige mpaka waishe. Nikafungua mdomo, haikutoka. Nikasema ahsanteni, nikarudi kusimama mlangoni pa jikoni.

Mwenyekiti, Hollis Pratt, akaita kura ya sauti. Ndiyo ikapazwa, hapana ikapazwa, akasema hawezi kutofautisha. Ikabidi tugawanyike. Wanaosema ndiyo wasimame upande wa jikoni, wanaosema hapana upande wa jukwaa.

Umeelewa, dada? Mimi nilikuwa tayari upande wa jikoni. Nilichotakiwa ni kutosogea. Armand alikuwa amekuja kusimama karibu yangu, kifua mbele, pamoja na wenzake wote wa ndiyo. Ningebaki pale ningekuwa nimetimiza ahadi niliyokupa bila hata kuinua mkono.

Nikavuka. Nilitembea ukumbi mzima na aproni yangu, watu wakinipisha kama nimebeba maji ya moto. Lucille akaniita, "Jeannine, umechanganyikiwa, ni huku!" Sikugeuka. Nilisimama chini ya jukwaa pamoja na wale wachache. Bi Edith akanishika mkono, nami nikauvuta, kwa sababu alidhani mimi ni mtu mwema kama yeye.

Mimi siyo. Sasa nakuambia neno lililonifanya nishike kalamu. Armand amejiandikisha jeshini. Ameshaapishwa. Aliniambia nikiwa naanika nguo, akasema anakwenda kwa ajili ya Rene, na akaniomba nisikuambie mpaka atakapokuambia mwenyewe, kwa sababu hataki ujione wewe ndiye uliyemtuma. Hukumtuma, dada. Ana miaka kumi na tisa, amejituma.

Kwa hiyo usije ukafikiri niliwaza amani ya dunia. Kwenye ramani, Afghanistan sijui hata inakaa wapi. Wala sikuacha kuwachukia waliomuua Rene, nawachukia nikiwa nasali. Nilipokuwa nasimulia ile simu yako mapajani, nilijiona mimi nimekaa nayo. Hiyo tu. Nilisema hapana kwa ubinafsi wa mama, na nilisema mbele ya watu niliowaliza kwa jina la mwanao. Kama una hasira nami, una haki. Wa ndiyo walishinda kwa mbali, na barua yao imeshakwenda Washington, kwa hiyo mimi sikuzuia chochote.

Baadaye tulikula wote meza zilezile kama kila mwaka. Wendell alimpitishia Bi Edith siagi bila kumtazama, lakini alimpitishia. Nilidhani Armand atakaa na wenzake. Alikuja na sahani yake akakaa ubavuni pangu. Aliniambia nimemtia aibu mbele ya mji mzima. Nikamwambia najua. Akala, akaongeza tena, halafu akaniambia polepole kwamba angeona ajabu zaidi kama ningebaki palepale. Tangu hapo hatujaugusa tena mjadala huo. Nimemfulia nguo zote, hata zile safi.

Sasa ombi langu. Anaondoka wiki ijayo, na kabla ya kuripoti anataka apite kwako akuage. Jumapili atakuwa mlangoni pako. Mimi ninunie utakavyo, hata Krismasi usipotaka nije nitaelewa. Yeye mfungulie. Usimsifie vita wala usimkataze, mlishe tu, mlaze kwenye chumba chenye joto, na mkumbatie kwa niaba yako na yangu.

Na kuna jambo moja nimeona nikuonye, lisije likakuangusha mlangoni. Amenyoa nywele zote, na bila zile nywele, Claudette, ni Rene mtupu. Shika mlango kwanza, ndipo umtazame.

Nisalimie majirani wako wanaokuletea chakula, waambie nawakumbuka. Lucille anakusalimu, na atakupigia, unajua. Jifunike vizuri na uache kahawa saa za jioni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Jeannine