Ufunguo wa Chumba Chako

Mdogo wangu Boga,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai u mzima, unakula vizuri, na kichwa chako bado ni cha mviringo. Sisi hatujambo, ingawa uzima wetu umefungwa bandeji.

Baba alianguka. Alipanda stuli pale saluni akiweka kioo sawa, akaangukia mkono wa kulia, ule wa mkasi. Nilimpokea mwenyewe katika chumba changu cha eksirei. Alikuwa ameupakata mkono kama mtoto aliyelala, na kwenye mwanga ule hafifu nikahisi namwota.

Picha ilionyesha mfupa mmoja umevunjika. Daktari wa zamu akataka kumfunga plasta aende zake, lakini mkuu wake akakataa, akaniambia nipige tena, safari hii kiwiko na kifundo cha mkono vionekane. Alieleza kwamba mifupa miwili ya hapo katikati imeshikana kama mke na mume. Mmoja akivunjika na kupinda, mtazame mwenzake. Kweli, ule mzima ulikuwa umechomoka kiwikoni. Plasta peke yake, alisema, ingemwacha Baba na kiganja kisichogeuka. Kinyozi asiyegeuza kiganja ni kinyozi wa jina tu. Niliogopa, Boga.

Wakampasua. Uliovunjika wakaunyoosha, wakaukaza kwa bamba la chuma na skrubu. Ule mwingine hawakuugusa. Mwenzake aliponyooka, ulirudi mahali pake wenyewe.

Alipokuwa akizinduka, dawa ya usingizi bado imemlevya, alinishika kichwa kwa mkono wa kushoto, akaniambia nitulie nisije nikakatwa sikio. Aliniita Boga. Nikatulia tuli. Baadaye nilimsimulia jinsi ule mfupa ulivyorudi bila kulazimishwa, naye akataka nimsimulie tena.

Mtaalamu wa mazoezi alimwambia ashike kijiko, ageuze kiganja juu na chini. Baba akasema yeye si mtoto wa kulishwa uji. Tulipofika nyumbani akatungua msumarini ufunguo wa chumba chako, ule aliofungia mlango siku uliyokataa kurithi mkasi wake ukaondoka, akiapa mlango ule hautafunguka akiwa hai. Kila alfajiri, mimi nikiwa nusu macho nusu ndotoni, nilisikia kitasa kikikwaruzwa. Unakijua kilivyo kigumu. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza, eti ni mazoezi tu.

Jana kitasa kikaitika. Nilimkuta ameketi kitandani kwako, madirisha yote wazi, kiganja kimetazama juu pajani, analia bila kujificha. Sikumbuki kumwona hivyo tangu tuzaliwe.

Njoo nyumbani, mdogo wangu. Nimekukumbuka mno.

Wasalimie wote ulio nao. Baba amenikataza kukuandikia, na amesema hana salamu zozote. Lakini stempu ameinunua yeye, na ameibandika kwa mkono wa kulia.

Ni mimi dada yako,
wa chumba cha picha