Maharage ya Mbegu

Butembo, Jumapili jioni. Manyunyu yamekuwa yakidondoka tangu asubuhi, na ardhi imelainika kwa kupanda. Moyo wangu ni mzito, na sababu naijua.

Asubuhi nilihubiri. Nilisema kwamba Yesu hakutupa kilichobaki mezani pake. Alijitoa mwenyewe, na bila upendo wa namna hiyo imani yetu ni maneno tu. Watu waliitika amina. Niliteremka mimbarani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Baada ya ibada nilipita kwa Masika, mjane wa marehemu mdogo wangu. Tangu juzi amempokea mama mmoja na watoto wake, waliokimbia mauaji karibu na Mavivi, kule Beni. Uani niliona majivu yaliyomwagwa pamoja na maji, nikaelewa mara moja. Sisi huchanganya maharage ya mbegu na majivu ili wadudu wasiyatoboe. Anayeyaosha nyumbani badala ya kuyapeleka shambani anapika mbegu.

Nilimkemea mbele ya wageni wake. Nilimwambia kwamba mbegu si chakula, na kwamba mtu mwenye akili hali msimu wake.

"Najua, mwalimu," alijibu huku akikoroga. "Lakini hawa batoto baliacha sufuria ku moto, bakakimbia. Nibaambie bangoje mavuno?"

Akacheka kidogo. "Kaa, ukule. Pengine kasirani itaisha."

Watoto nao wakacheka.

Kwetu mzee hupakuliwa kwanza, na kukataa chakula ni kumdharau mwenye nyumba. Yule mama wa Mavivi akaniletea sahani iliyojaa. Nikaketi.

Nilikula yote.

Niliporudisha sahani ndipo nilipoona watoto wakigawana kilichosalia, na Masika akikwangua sufuria tupu. Aliniambia kwamba ameshiba. Hakuwa ameonja hata punje.

Chini ya kitanda changu kuna gunia la maharage ya mbegu. Nilijua lipo nilipokuwa nikihubiri, nilipokuwa nikikemea, na nilipokuwa nikitafuna. Masika ana shamba huko Masereka, limekwisha kulimwa, na sasa hana cha kupanda.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Nikasema nitampelekea Masika beseni moja. Hakuinua macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua.

"Beseni?" aliuliza. "Ile ulihubiri asubuhi ilikuwa ya beseni?"

Nikatoka nje, nikasimama kwenye manyunyu kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Hata sasa ninapoandika, najikuta nikipima: nusu, au zaidi ya nusu kidogo. Mimi, mwalimu na mzee wa kanisa. Nimeueleza msalaba tangu ujana wangu, na bado natafuta namna ya kuubeba usinielemee. Masika hakueleza neno lolote. Aliosha majivu, akawasha moto.

Nimelifunga gunia, likiwa zima. Sisi tutapanda nini, sijui. Kesho mapema, kabla mvua kubwa haijaanza, nitalibeba mwenyewe mgongoni hadi kwa Masika.

Ee Mungu, nikiwakuta wanakula, wasinipakulie kwanza.