Jiwe la Kisiwani

Lipingo, Jumanne jioni

Nalilaumu ziwa bure, kosa ni langu.

Leo nimepitisha boti kwenye mlango kati ya kisiwa na nchi kavu. Pale manahodha tunatafuta jiwe, jeupe kwa mavi ya ndege. Ukiliona unapunguza mwendo, unaliacha kushoto, unatia nanga nyuma yake. Sikuliona. Maji yamepanda tangu masika na kulifunika. Nimelijua lilipo lilipopasua ubavu wa boti.

Osmundi, kaka wa mke wangu, njia ile nilimfundisha mwenyewe. Nilimwambia: “Shemeji, usipoliona jiwe, ujue hujafika. Wewe songa tu.”

Kesho alfajiri anatoka Mbamba Bay kwa boti na akina mama wa kwaya, kuja huku kwa njia ileile. Tangu mchana nampigia, hapatikani. Bodaboda wamekataa kunipeleka kwake, daraja limekatika. Boti yangu inavuja, na mwera, ule upepo mkali wa kusini, umeanza…

Mke wangu ameniuliza mbona sili. Nimesema nimechoka.

“Kama ni kaka, usiwe na wasiwasi,” akasema. “Unachomwambia wewe huwa anakishika vilevile.”

Ndivyo alivyo. Hajawahi kusahau neno langu hata moja.