Paa la Gari la Babu Yako

Kwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Miezi minane! Hata mfungwa hupewa ruhusa aje kuzika, wewe umekaa huko miezi minane kama mtu asiye na kwao. Hujafa, huumwi, nasikia kila Jumapili unapika na kucheka na rafiki zako. Haya, salamu zangu zikufikie hapo ulipojificha. Hujambo? Lile jino limepona? Unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula? Mimi ni mzima wa kuonekana. Magoti yamegoma na jicho la kushoto linaona ukungu mtupu, lakini kusema bado nasema.

Anayeandika ni jirani yangu mshonaji, maana unajua mimi shule niliipita kwa nje tu, ndoo kichwani. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asinipambe.

Najua kilichokufukuza. Ulikuja na furaha yako, ukatoa simu utuonyeshe lile gari jekundu la viti viwili, lisilo na paa. Ukasema unasafiri saa moja na nusu kwenda kiwandani na saa moja na nusu kurudi, kila siku iendayo kwa Mungu, na humo kiwandani hamna hata dirisha, kwa hiyo mwendo ule ndio muda pekee ulio wako na unataka uupitishe ukiiona mbingu. Baba yako akakuuliza kama umeajiriwa kazi au maonyesho. Mimi nikamalizia. Nikasema hilo si gari, ni beseni lenye magurudumu, na ikinyesha utafika kazini unachuruzika. Watu wakacheka. Ukaweka kikombe chini kikiwa kimejaa, ukatoka.

Wiki iliyopita baba yako alikuja kuniambia amekushinda. Anasema mwisho wa mwezi unachukua lile la kijivu, lililofungwa kila upande, na kwamba umekubali bila neno. Alijisifu kama aliyekamata mwizi. Alipoondoka nikamwita huyu mshonaji aje na kalamu. Huyo mwanangu anakukataza kwa sababu moja, na ameshakuimbia mara mia: kwamba baba yake, mume wetu mimi na wewe, aliuawa na gari la wazi, kwamba upepo wa asubuhi ulimpiga kifuani miaka yote ile mpaka moyo ukasimama. Sasa kaa chini nikuambie.

Mume wetu alikuwa fundi wa pampu kwenye mtambo wa maji, mbali kama kilivyo kiwanda chako. Alinunua gari kuukuu kutoka kwa wajenzi wa barabara, wazi juu, wazi ubavuni, lina kioo cha mbele tu. Jioni alirudi na vumbi kwenye nyusi, shati limejaa upepo, akiimba vibaya sana, na nilimsikia kabla sijamwona. Kutwa nzima alikuwa ndani ya chumba cha mashine zinazonguruma, akasema ile njia ndiyo inayomrudishia masikio yake. Mimi niliona aibu tu. Wanawake wa bombani waliniita Bibi Mkokoteni, wakaniuliza mume wangu anabeba mchanga tripu ngapi kwa siku.

Basi alipolala na homa wiki mbili, nikamwita fundi wa kuchomelea. Nikamwambia afunge kila kitu: paa la bati, milango, vioo, na mpira kwenye nyufa, vumbi likose pa kupenya. Mume wetu alipopata nguvu za kutoka nje, alilizunguka gari lake, akaligusa paa, akaniambia ahsante. Kuimba kukaisha. Nikadhani sasa amekuwa mtu mzima.

Haukupita mwezi akaanza kurudi na kichwa kinamgonga, anatapika uani, rangi imemtoka. Siku za mapumziko, akiwa nyumbani, hana tatizo. Nikamwambia anajidekeza. Siku moja akaniomba, kwa upole wake ule, tulitoe paa, maana mle ndani anakosa pumzi. Nilimjibu kwamba siku litakapotoka paa, na mimi nitatoka kwenye nyumba. Hakuniomba tena.

Walimkuta asubuhi ya mvua, pembeni mwa barabara, karibu kabisa na mtambo. Vioo vyote vimepandishwa, injini inanguruma, kichwa kimelala kwenye usukani. Tukaambiwa ni moyo. Lakini makanika aliyelivuta gari alikuja peke yake baada ya maziko. Akasema ameinua zulia chini ya kiti, akakuta sakafu imetoboka, na bomba la moshi limepasuka papo hapo, masizi yametapakaa. Lilikuwa bovu siku nyingi, alisema, ila gari lilipokuwa wazi upepo uliuchukua moshi. Lilipofungwa, moshi ukabaki naye.

Mimi ndiye niliyelifunga. Nikamsihi makanika anyamaze, akanyamaza mpaka naye akazikwa. Watu walipouliza, mimi ndiye niliyesema ni upepo wa miaka ile gari likiwa wazi, uliomkaa kifuani. Baba yako alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alilishika neno hilo, hajaliachia mpaka leo, na ndilo analokuzuia nalo. Hapa mshonaji ameweka kalamu chini, ananitazama. Nimemwambia aiokote.

Kwa hiyo lile la kijivu usilichukue kwa ajili ya uongo wangu. Kama moyo wako bado uko kwenye lile jekundu, lichukue, lakini usiwe mpumbavu. Makanika wako mwenyewe, si wa muuzaji, alale chini alikague bomba la moshi lote, mwanzo mpaka mwisho, maana hata hilo lina turubai utakalolivuta siku za mvua. Uliendeshe kwanza njia nzima mpaka kazini, usidanganyike na kulizungusha pale kwenye uwanja wao. Mgongo ndio utakaokuambia ukweli. Kichwa ujifunge kitambaa. Na likikuchosha baadaye, liuze. Ni gari tu.

Nisamehe kwa kukucheka mbele za watu. Hilo lingine sijui kama ni lako kulisamehe. Wasalimie wenzako wa kiwandani. Mshonaji naye anakusalimu, ingawa mimi hanisemeshi.

Ukija, njoo na baba yako. Usimdokeze kitu njiani, hata akikubembeleza. Atalisikia kwangu mwenyewe, macho kwa macho. Na akisimama kutaka kuondoka kabla sijamaliza, wewe kaa mlangoni, usimpishe.

Ni mimi, bibi yako.