Mafiga ya Obhur

Jumatatu, 3 Novemba. Riyadh

Vikopo vya choo tangu asubuhi. Maabara inanuka. Sioni tabu. Uchafu wa wagonjwa haujawahi kunitia kinyaa, wazima ndio wanaonichefua. Leo daktari mmoja kajipekecha sikio kwa kalamu yangu, kisha kanirudishia, na ahsante juu. Nimeitupa.

Mama kapiga. Wazee wa Faraji watakuja kwetu Pemba kuposa Jumapili. Ami, ndugu wa marehemu baba na ndiye walii wangu, anasubiri kauli yangu tu. "Usianze visa vyako," Mama kasema. Nina miaka thelathini na sita. Sina visa. Nampenda.

Jumatano, 5 Novemba

Tiketi ya Jeddah tayari. Faraji ni fundi wa viyoyozi kwenye hoteli za ufukweni huko. Kaona gofu la zamani karibu na hoteli mojawapo, atanipeleka. Nilimwambia mara moja tu kwamba napenda magofu. Kakumbuka. Wangapi wanakumbuka? Dada yake Rukia atakuwa nasi, mambo yawe ya heshima.

Alhamisi, 6 Novemba. Jeddah

Jasho. Nimefikia kwa Rukia. Shuka ina makombo ya biskuti. Nimelala juu ya kanga yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumetoka baada ya sala. Obhur, nje kidogo ya jiji, pwani yote imezungushiwa ua, kuingia kwa kulipa, muziki mpaka masikio yanauma. Ng'ambo ya barabara, gofu. Hakuna kibao, hakuna mlinzi. Msikiti mdogo wa matumbawe, hauzidi jiko la kwetu, mihrabu bado imesimama. Ubavuni makaburi machache. Mawe yale yale ya kwetu. Nilitaka kulia kwa raha.

Halafu nikatazama chini. Nepi. Makaa ya shisha. Ndani ya mihrabu, mifupa ya mbuzi na wali ulioota ukungu. Mtu kaandika jina lake ukutani kwa rangi ya kijani. Nilitembea nimekunja buibui kama navuka mtaro.

Faraji alishawasha moto, kapanga mafiga matatu na wavu juu yake. Kuku wa ndimu na pilipili. Nilikula bawa, nikamsifu. La pili nikaenda nalo makaburini.

Kaburi moja ni dogo, halizidi urefu wa mkono wangu. Mashahidi yake, yale mawe ya kichwani na miguuni, hayapo. Mashimo mawili mchangani, bado mabichi. Kaburi la jirani limebakiwa na jiwe moja.

Nikarudi kuyatazama mafiga. Yamechongwa kwa mkono. Nilitapika hapo hapo, mbele ya Rukia.

"Faraji, mawe haya umeyatoa wapi?"

"Si hapo tu. Yapo mengi."

"Umeyang'oa makaburini. Moja la mtoto mchanga."

"Mtoto gani, bibie? Huyo keshakuwa udongo zamani. Halas, yaishe, njoo ule."

Rukia akacheka. Nikamwambia Faraji ayarudishe. Akayamwagia maji ya chupa, ati yapoe haraka, na moja likapasuka katikati. Hakushtuka hata. "Mafi mushkila, hakuna tabu," akasema, akarudi kwa kuku wake.

Nimeyabeba mwenyewe kwa mtandio, bado ya moto. Nimeyasimamisha. Lililopasuka nimeliegemeza pande kwa pande, limekaa vibaya. Yeye yumo garini ananipigia honi. Njiani walizungumza bei za magari. Mimi nilitazama dirishani na sikuwajibu.

Jumamosi, 8 Novemba. Riyadh

Nimesugua meno mpaka fizi zimetoka damu. Ladha ya ndimu ipo pale pale.

Nimemweleza Mama. Akasema, "Tuwaambie watu umekataa mume kwa sababu ya mawe? Nani atakuelewa?" Ati wanaume wote wana lao, nitamfundisha taratibu. Mtu wa miaka arobaini nimfundishe kwamba kaburi ni kaburi! Kakataa kumwambia Ami. Wageni watakuja kama walivyopanga.

Faraji kanitumia picha. Mimi nacheka, bawa mkononi. Nimeifuta nikaenda kunawa.

Jumapili, 9 Novemba

Ami kapiga nikiwa kazini, kaweka spika. Wageni wameshakaa, nasikia vikombe. Akaniuliza mbele yao, kama inavyotakiwa: namridhia Faraji?

Nilitoka nikasimama koridoni. Mama akakohoa, kikohozi cha kunionya, nakijua tangu udogo. Neno moja tu lingetosha kumfurahisha kila mtu.

Nikasema hapana. Ami akataka sababu. Nikaitoa yote: kaburi dogo, mafiga, honi. Hata kwamba nilikula. Simu ikakatika.

Nimerudi kwenye vikopo. Kimoja nimekimwaga. Hakuna aliyenipigia tena. Nawachukia wote leo.

Jumanne, 11 Novemba

Mama kapiga, sauti ndogo. Jumapili simu ilipokatika, babu yake Faraji, aliyeongoza posa, aliweka kikombe chini bila kunywa. Akaomba radhi kwa ajili ya mjukuu wake, kisha akaomba viatu. Mlangoni alimuuliza Ami: yule mtoto amerudishiwa mawe yake? Ami akamjibu, amerudishiwa.

Mama hakunilaumu. Aliniuliza nimekula nini.

Nimepika wali na mchicha, nimekula. Nimefua. Simu ikilia naikimbilia kuona kama ni Faraji. Si yeye. Najitia kinyaa kwa kuikimbilia, na nimeiweka karibu na mto.